Bi Mwaisha awatafutia wavuta bangi watani

Jua bado halijavuka mgongo wa Uluguru, na Bi Mwaisha yuko uani anakata kamba. Kamba yenyewe imefungwa mikononi mwa kijana aliyeletwa na wajomba zake wawili kutoka Kihonda. Macho mekundu, midomo imekauka, matusi yamemjaa kinywani. Wajomba wamesimama mbali kidogo, kama watu walioleta chui wakaambiwa wamfungulie.

"Tukimfungua atakimbia, bibi," anasema mmoja.

"Akimbie aende wapi? Huko juu kuna baridi, na uji uko hapa," anajibu Mwaisha, na kisu chake hakisimami.

Kamba inaanguka. Kijana anasugua mikono, anaitazama njia, anakitazama chungu cha uji. Anakaa. Mwaisha anamjazia kata, anamngoja anywe, ndipo anamwuliza swali lake la kwanza. Hamwulizi alianza lini kuvuta bangi. Hamwulizi anaipata wapi, wala nani alimfundisha.

"Mwanangu, babu yako mzaa mama alipokufa, nani alichimba kaburi lake?"

Kijana anawageukia wajomba zake, na kwa mara ya kwanza tangu afike wanakubaliana jambo: huyu bibi hana akili timamu.

Mwaisha anacheka. Amezoea. Swali hilo limemchukua miaka mingi kulipata, na limemgharimu ndugu wa tumbo moja.

Nyumba yake iko kwenye mteremko juu ya mji wa Morogoro, mahali ambapo ukikaa mlangoni unauona moshi wa gari la moshi linalotoka Ngerengere kabla hujausikia mlio wake. Huu ni mwaka wa tano tangu reli ifike. Kazi zimekuja, watu wamekuja, kambi zimekuja, na penye kambi hapakosi kiko, kile kibuyu chenye maji kinachokoroma na kutoa moshi. Kibarua anapokea rupia kumi na mbili kwa mwezi. Akisha kulipa kodi ya kibanda na kununua unga, kilichobaki anakivuta.

"Usimlaumu haraka," anasema Mwaisha. "Mtu aliyebeba vyuma toka asubuhi anataka usiku umsahaulishe mabega yake. Bangi humsahaulisha. Ubaya wake ni kwamba haichagui, humsahaulisha na watoto."

Wengine humwita mganga, lakini yeye hapigi ramli wala hachanji chale. Dawa zake zimeanikwa uani, kila mtu anaziona: majani ya kufukizia kwenye nyungu, uji wa mtama, maji ya kijito ambayo ubaridi wake humfanya mtu mzima alie, na jembe. Siku za kwanza mgonjwa halali, hali, na anamtukana kila apitaye. Baadaye usingizi unarudi, kisha njaa, na siku anapoomba chumvi kwenye mboga, Mwaisha hujua kwamba mtu amerudi mwilini mwake. Malipo ni kuku mmoja na pishi mbili za mahindi, na asiye na kuku hulima.

Wako wanaosema haya yote ni kupoteza wakati, kwamba dawa ya mvuta bangi ni hamsa ishirini, vile viboko ishirini na vitano vya serikali. Mwaisha amewaganga wengi waliokwisha kuinywa dawa hiyo.

"Kiboko hufundisha mgongo," anasema. "Mgongo hauvuti bangi."

Lakini ukimsifia kwa kuwatoa watu kwenye kiko, anakukata maneno. "Kumtoa si kazi. Hata baridi ya mlimani peke yake ingemtoa. Kazi ni kumrudisha nyumbani akae."

Hapo ndipo anapoachana na waganga wengine. Wenziwe wakisha kumpokea kuku, shughuli imekwisha. Mwaisha humfuata mtu wake. Amepanda vilima na kushuka, amekwenda Kihonda na Ngerengere kwa miguu, akipiga hodi kwenye nyumba za watu aliowaponya. Aliowakuta wamerudia kiko hakuwagombeza. Alikaa nao chini akawauliza swali moja tu: siku ile uliporudia, ulitoka kwa nani, na alikuambia nini?

Jibu alilokuwa akipewa lilimshangaza kwa miaka. "Hawakuniambia kitu, bibi."

Alilielewa jibu hilo alipolisikia ndani ya nyumba yao wenyewe.

Kaka yake, Ahmadi, alikuwa mndewa, yaani mkuu wa ukoo wao, mwenye kukigawa kila kipande cha shamba kuanzia kijitoni hadi kwenye mawe. Alikalia kigoda cha wazee wake na kuitwa kwa jina la kigoda hicho, Kobelo. Wakati wa vita vya Maji Maji alichukuliwa upagazi, na huko njiani alifundishwa kuvuta ili mzigo uwe mwepesi. Mzigo aliutua. Kiko hakukitua.

Mwaisha alimganga, akapona. Aliporudi kwake, ukoo mzima ulimpokea kwa adabu. Alipewa sehemu nzuri ya mboga. Jembe aliondolewa mkononi, apumzike. Watu wakizungumza, akitokea, wananyamaza. Jina la bangi halikutajwa ndani ya nyumba ile hata kwa bahati mbaya.

"Na mwalimu wao wa kunyamaza nilikuwa mimi," anasema Mwaisha, na hapa sauti yake inashuka. "Nilijiona mwerevu."

Siku moja alikuja Chausiku, mfinyanzi wa ng'ambo ya kijito, mwanamke wa ukoo ambao ni watani wao tangu enzi za mababu. Alikuja na chungu kichwani na matusi mdomoni, kama ilivyo haki ya mtani. Mwaisha alimzuia mlangoni. Mgonjwa amepumzika, leo utani hapana. Chausiku alimtazama, akageuka na chungu chake. Ahmadi alikuwa ndani, akasikia yote.

Haukupita muda, Ahmadi akaondoka nyumbani bila kuaga. Mwaisha alimfuata mpaka kambini, akamkuta amekaa na vibarua, kiko kinazunguka, wanamwita mzee mwenye miguu ya korongo, naye anacheka. Alimsihi arudi. Ahmadi alimjibu maneno ambayo mpaka leo Mwaisha akiyasema huitazama ardhi.

"Dada, huku angalau wananitukana kama mtu."

Masika yalimkuta huko huko. Kifua kilimbana, akafa kambini, akaletwa milimani kwa machela. Kaka zake Chausiku ndio waliochimba kaburi, kwa kuwa kumzika mtani ni kazi ya mtani. Mazishi ya huku bila watani kuchekesha na kusumbua hayajawa mazishi. Watu wakamngoja Chausiku alale kaburini adai kuku, kama desturi. Chausiku alisimama tu kando.

"Utani wa maiti nautoa wa nini," alisema, "na wa mzima mlininyima?"

Mwaisha angeweza kuacha kazi siku ile. Wengi wangeacha. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Arobaini ilipokwisha alishika fimbo, akaanza kuzunguka upya, safari hii kwa wale ambao hawakurudia.

Wa kwanza alikuwa Salum, mpagazi wa ulanga, yale mawe ya kung'aa yachimbwayo milimani, ambaye zamani alivuta mpaka akauza mlango wa nyumba yake. Mwaisha alimkuta ana mlango, ana mke, ana mbuzi.

"Nilimwuliza: Salum, nani amekushika mkono? Akasema hakuna aliyemshika mkono. Ila ana mtani wake, mzee mmoja mshenzi, kila gulio anamvizia sokoni na kupiga kelele: jamani, fungeni milango yenu, mwenye kuuza milango amekuja! Watu wanacheka, na yeye anacheka. Akasema, bibi, yule mzee akikosa kuja gulio, mimi ndiye ninayemtafuta."

Mwaisha alikwenda kwa wa pili, wa tatu, mpaka fimbo ikafupika. Karibu kila aliyekaa salama alikuwa na mtani jirani, mtu mwenye ruhusa ya kulitaja jambo lake hadharani na kulicheka pamoja naye. Ndugu hawawezi. Mjomba akilitaja, ni hukumu. Mama akilitaja, ni kilio. Wote wakinyamaza, ni upweke, na upweke unajua njia ya kambini kuliko mtu yeyote.

Tangu hapo, Mwaisha hamrudishi mtu nyumbani kabla hajampatia mtani wa kumfuata.

Si kwamba njia ilinyooka. Mara moja alimkabidhi mgonjwa kwa jirani mmoja mcheshi aliyejidai ni wa ukoo wa watani, kumbe alikuwa mtu baki mwenye mdomo tu. Bwana yule akamtukania mwenziwe mama mbele ya watu. Mapanga yalitoka, kesi ikafika kwa jumbe, na Mwaisha akalipa mbuzi. Tusi la mtani ni kicheko. Tusi lile lile likitoka kwa mtu baki ni vita.

Kwa hiyo swali la kaburi. "Mtu atakudanganya ukoo wake," anasema. "Lakini kaburi lilichimbwa mchana, watu wanaona. Aliyemzika babu yako ndiye mtani wako. Huyo akutukane mpaka achoke."

Wiki hii, hata hivyo, kazi yake imemrudia mlangoni. Mganga hajigangi, na Mwaisha anaye Stambuli.

Stambuli ni mwana wa marehemu dada yake. Kwa desturi ya Waluguru, ambako ukoo hufuata kwa mama, ndiye anayestahili kigoda cha mjomba wake Ahmadi. Anayepewa kigoda hapewi jina tupu. Anapewa na undugu wa marehemu: wake za marehemu humwita mume, wajomba wa marehemu ni wajomba zake, na dada wa marehemu hupata kaka tena.

Lakini Stambuli naye alitandika reli, na alikotandika reli alijifunza kiko. Mwaisha alimganga kiangazi kilichopita, akapona. Ijumaa hii wazee watakaa baada ya sala kuamua. Mmoja wao amekwisha kusema waziwazi: kigoda kimenuka moshi mara moja, mara ya pili hatutaki. Wakimkataa, kigoda kitahamia nyumba nyingine, na uzao wa mama yake Mwaisha utaanza kuomba shamba kwenye ardhi uliyokuwa ukiigawa.

"Shamba si kitu," anasema Mwaisha. "Ninaogopa wakimkataa atarudi kule. Nimezika mmoja."

Na sheria aliyoitunga mwenyewe inamfunga mikono: ndugu hamfuati ndugu. Stambuli amekabidhiwa kwa Chausiku. Ndiyo, Chausiku yule yule. Mwaisha alivuka kijito kumwomba, na kwa kuwa watani hawaombani msamaha kwa maneno mazuri, aliambiwa ana uso kama chungu kilichoungua, kisha akakubaliwa.

Alhamisi, habari inapanda mlimani: Stambuli ameonekana Kihonda, amesimama karibu na kambi.

Mwaisha anawasha moto. Anapika uji, anachinja kuku, anampika, anapanga kikapu, anashika njia. Mwandishi wa habari hizi anamfuata nyuma na kumkumbusha sheria yake. Anajibiwa kwa mgongo.

Stambuli wanamkuta shambani, jembe mkononi. Ni mtu mrefu, mpole wa maneno. Anatua jembe, anaamkia.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba. Pumzika. Usilime leo, mimi nitakulimia. Kaa unywe uji."

"Umesikia nini, mama mdogo?"

"Sijasikia kitu."

Uso wa Stambuli unakunjamana. Anakaa, anapokea kata, anaushika uji bila kuunywa. Mwaisha ameliokota jembe na anaanza kulima. Mtu yeyote aliyesikia habari za Ahmadi angeona nini kinatokea. Mwaisha peke yake haoni.

Ndipo kilio kinapasuka kutoka njiani. "Uuuwi! Amekufa! Stambuli amekufa, jamani!"

Ni Chausiku. Amejipaka majivu usoni, ana mkeka kwapani, na nyuma yake majirani wanakuja mbio. Anautandika mkeka mbele ya Stambuli, anajitupa chini, anagaagaa.

"Alikuwa mvivu, alikuwa mbaya wa sura, lakini alikuwa wetu! Leteni sanda! Fupi inatosha, miguu tutaikunja!"

"Niko hai, we mchawi," anasema Stambuli.

"Nyamaza, maiti haijibu! Kama u hai, mbona unalishwa? Kama u hai, mbona jembe lako amelishika bibi kizee? Na wewe, Mwaisha, uliyewafundisha watu wote, umekuja kumzika mwenzio kwa uji wa mtama?"

Majirani wanacheka. Mwaisha amesimama na jembe, majivu ya Chausiku yamempata mpaka kwenye khanga. Stambuli anaanza kucheka polepole, kisha sana, mpaka uji unamwagika.

"Kihonda nilikwenda," anasema, na anasema mbele ya wote. "Nilikwenda kununua chumvi. Nikapita karibu na kambi, nikaunusa ule moshi, miguu ikasimama. Sikatai, ilisimama. Kisha nikamfikiria huyu mwanamke atakavyonililia njia nzima. Nikaona afadhali nirudi nyumbani na chumvi yangu."

"Mbona hukuniambia, mwanangu?" Mwaisha anauliza.

"Hukuniuliza, mama mdogo. Ulileta uji."

Mwaisha analirudisha jembe mikononi mwa mwenyewe. Machozi yanamtoka, na hajifichi. Chausiku anajipangusa majivu, anafunua kikapu, anamchukua kuku mzima aliyepikwa, ambaye kwa haki ya utani sasa ni wake, na kuondoka naye.

Ijumaa, wazee wamekaa kwenye ua wa ukoo. Kigoda kitupu kiko katikati. Stambuli amechuchumaa pembeni, Mwaisha yuko upande wa wanawake, vidole vimekamata ncha ya khanga. Maneno ni mengi. Yule mzee wa moshi anarudia lake: nani ajuaye kama mkono huu hautarudi kwenye kiko? Ndugu yake akisema, atasema kwa huruma. Sisi hatutaki huruma, tunataka kujua.

"Mimi siyo ndugu yake, namshukuru Mungu," inasikika sauti.

Chausiku amesimama. Wazee wanaguna, maana wamezoea kwamba akisimama huyo kitakachofuata ni matusi. Na matusi yanaanza kweli: Stambuli ni mpumbavu, anatembea kama amekalia siafu, akipewa kigoda kitavunjika kwa aibu. Watu wanacheka. Kisha Chausiku anasita, na anapoendelea hachekeshi tena.

"Wazee wangu, mimi nimezeeka. Kaka zangu waliochimba kaburi la Ahmadi wametangulia. Kaburi langu litachimbwa na mtani, na mtani wangu ni wa nyumba hii. Nimewatazama vijana wenu wote. Nataka mkono usiotetemeka, nisije nikalazwa upande. Nimemtukana huyu kiangazi chote na masika yote, kila gulio, nikiutazama mkono wake." Anamwonyesha Stambuli. "Nimemchagua huyu anizike."

Hakuna anayecheka. Mtu hufanya mzaha na kila kitu katika utani, lakini mwenye kumzika hamchagui kwa mzaha. Yule mzee wa moshi anainuka, anamshika Stambuli mkono, anamkalisha kwenye kigoda.

Vigelegele vinapigwa. Wanawake wa ukoo wanakwenda mmoja mmoja kumwamkia Kobelo. Mwaisha anangoja mpaka wote wamalize. Akifika mbele ya kigoda anapiga magoti, yeye mwenye mvi, mbele ya mtu ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni utotoni.

"Shikamoo, kaka," anasema.

Stambuli anababaika. Anamtazama mama yake mdogo, anawatazama wazee, anajikaza.

"Marahaba, Mwaisha." Anakohoa kidogo. "Kesho safari yako ni ya wapi?"

Mwaisha amekwisha kupanga zamani. Ngerengere kambini kuna vibarua wa Kinyamwezi wanaovuta kuliko wote, na watani wao wa kwao wako mbali, siku nyingi za mguu. Lakini Mnyamwezi na Mluguru nao ni watani tangu siku za misafara. Anataka kuwatafutia Waluguru wa kuwatukana vizuri, kambi baada ya kambi, kwa kuifuata reli hadi nguvu zitakapomwishia. Na huyu kijana wa Kihonda aliyefunguliwa kamba, wajomba zake wamekwisha kukumbuka ni nani aliyechimba lile kaburi.

"Ngerengere, kaka," anajibu. "Kambini."

Kobelo anafikiri kidogo.

"Tutakwenda wote," anasema. "Ila uji usibebe."